Namna Nilivyompunguzia Dawa Mbwa Wangu Aliyeugua Upungufu wa Damu

Mwanzoni mwa Disemba 2022, asubuhi na mapema, kundi la kima lilishuka kwenye migomba ya shamba langu la Mwera, Unguja, na Chui hakubweka. Chui ni mbwa jike mwenye mistari ya hudhurungi na nyeusi, wakati huo akiwa na miaka mitano na uzito wa kilo 24, na tangu utoto wake hakuwahi kuwaachia kima hata mkungu mmoja. Nilimfuata bandani nikamkuta amelala ubavu, anahema kama aliyetoka mbioni, na mkojo wake pale mlangoni ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilipomfunua mdomo niliona fizi nyeupe zenye umanjano kwa mbali.

Mawazo yangu yote yalikwenda kwenye kupe, kwa sababu mvua za vuli zilikuwa zimewaleta kwa wingi mwaka ule. Daktari wa mifugo aliyekuja kutoka mjini naye alianza na kupe, lakini hakuishia hapo. Alimtoa damu, akadondosha tone moja juu ya kioo pamoja na maji ya chumvi ya hospitali, akakiyumbisha kioo taratibu, akanionyesha: damu haikutawanyika ndani ya maji, ilibaki imejikusanya vipunje vipunje. Aliporudi na majibu ya hadubini aliniambia kwamba chembe nyekundu nyingi zilikuwa zimekuwa ndogo na za mviringo mtupu, zimepoteza ule weupe wa katikati unaoonekana kwenye chembe nzima za mbwa.

"Mwalimu," aliniambia, "damu ya mbwa huyu inaliwa na kinga yake mwenyewe."

Alinieleza kwa subira. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, ilikuwa imezitia alama chembe nyekundu za damu kana kwamba ni adui, na wengu na ini vikawa vinazimeza upesi kuliko uboho wa mifupa unavyoweza kutengeneza nyingine. Umanjano na ule mkojo wa rangi ya chai vilitokana na mabaki ya chembe zilizovunjwa. Maradhi haya huweza kuanza yenyewe bila ya sababu inayoonekana, na huweza pia kuamshwa na vimelea vinavyoenezwa na kupe, kwa hiyo Chui aliandikiwa doksisaiklini, dawa ya kuua vimelea hivyo, ya siku 28 ingawa hakuna kimelea kilichoonekana kwenye kioo.

Hapo ndipo nilipolijua neno hematokriti, ambalo lilitawala maisha ya nyumba yetu kwa miezi kumi na moja iliyofuata. Ni kipimo cha sehemu ya damu iliyoshikwa na chembe nyekundu: damu hutiwa kwenye mrija mwembamba, ikazungushwa kwa kasi kwenye mashine, chembe zikatuama chini, kisha zikapimwa kwa asilimia. Mbwa mzima huwa baina ya 37 na 55. Chui alikuwa na 14.

Kwa kiwango kile hakuweza kusubiri dawa zifanye kazi. Rafiki yangu anayelinda nyumba ya wageni Jambiani alimleta mbwa wake dume wa kilo 38, mwenye afya na ambaye hakuwahi kutiwa damu ya mwingine, akatolewa mililita 450 na kuingiziwa Chui polepole kwa saa nne, daktari akimpima joto na mapigo ya moyo kila baada ya muda mfupi. Jioni hematokriti ilifika 22, na siku nne baadaye ikashuka hadi 19. Nilivunjika moyo sana, lakini daktari alinikumbusha kwamba damu ya kuazima inanunua siku tu, na kwamba kinachotibu ni kuituliza kinga.

Dawa zilikuwa tatu zaidi ya ile doksisaiklini, na zote zilipatikana kwenye maduka ya dawa za binadamu mjini. Ya kwanza ilikuwa prednisoloni, ya kuituliza kinga, miligramu mbili kwa kila kilo ya mwili, yaani kwa Chui kiasi cha vidonge kumi vya miligramu tano kwa siku. Ya pili ilikuwa azathioprini, nayo ya kuituliza kinga, kidonge kimoja cha miligramu 50, ambayo huchelewa kuanza kazi lakini ndiyo inayoruhusu ile ya kwanza ipunguzwe baadaye. Ya tatu ilikuwa klopidogreli, nusu kidonge, wanayopewa wagonjwa wa moyo, kwa sababu katika maradhi haya damu huganda ndani ya mishipa, hasa ya mapafu, na mbwa wengi hufa kwa kuganda huko kuliko kwa upungufu wenyewe. Vipimo hivi vilipangwa kwa uzito na hali ya Chui, na mwenye mbwa mwengine apangiwe vyake na daktari wake.

Kumnywesha mbwa dawa kila siku ni jambo linalohitaji kufikiriwa katika nyumba kama yetu. Dini imeturuhusu mbwa wa kulinda shamba, lakini sisi wa madhehebu ya Shafi mate yake ni najisi, na mwili au chombo kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kabla ya hapo sikuwahi kumshika Chui mdomoni. Daktari aliniambia kuwa azathioprini haifai kushikwa kwa mkono mtupu na mtu yeyote, hasa mwanamke mwenye mimba, wala haifai kukatwa au kusagwa, kwa hiyo nilinunua boksi la glavu na zikanitosheleza haja zote mbili. Niliweka ndoo na udongo safi kando ya banda, sahani yake ikawa haivuki mstari wa mchongoma, na kanzu yangu ya sala haikuwahi kupita upande ule. Nalitaja hili kwa kirefu kwa kuwa najua wenzangu ambao wangemwacha mbwa afe kwa kudhani kwamba kumuuguza hakuwezekani pamoja na twahara. Kunawezekana, na sikukosa sala hata moja.

Chakula nacho kilinifunza jambo ambalo nilipaswa kulijua zamani. Tulikuwa tukimpa makombo ya mchuzi, na mchuzi wa Unguja hauna maana bila ya vitunguu maji na thomu. Vyote viwili, hata vikishapikwa, huvunja chembe nyekundu za mbwa. Vitunguu havikuwa chanzo cha maradhi ya Chui, lakini kumpa mbwa mwenye hematokriti ya 19 ni kumpokonya kile kidogo alichobakiwa nacho. Tangu siku hiyo alipikiwa sufuria yake: wali, dagaa waliochemshwa bila kitu, na mara mbili kwa wiki maini. Vidonge viliingia ndani ya tonge, na daima baada ya kula, kwani prednisoloni kwenye tumbo tupu huchubua utumbo.

Hematokriti ilipanda taratibu: 21 siku ya tisa, 28 siku ya kumi na sita, 31 mwanzoni mwa Januari, 35 tarehe 20 Januari. Ilikuwa imekaa juu ya 30 kwa wiki mbili, na hilo ndilo sharti alilonipa daktari kabla ya kugusa dawa. Tukashuka kwa robo, kutoka vidonge kumi hadi saba na nusu, na nikaambiwa nisishuke tena mpaka zipite wiki tatu na damu ipimwe.

Sikusubiri, na kosa hilo ni langu peke yangu. Prednisoloni ilikuwa imembadilisha Chui asitambulike: alikunywa ndoo nzima kwa siku, alikojoa pale alipolala, tumbo lilimshuka na misuli ya mapaja ikayeyuka, na njaa ilimpeleka hadi kwenye mkeka wa dagaa wa jirani, nikalazimika kulipa. Nilimhurumia. Nilimfunua mdomo nikaona fizi za rangi ya waridi, nikasema huyu amepona, na wiki mbili tu baada ya kupunguza kwa mara ya kwanza nikashusha vidonge hadi vinne bila kumuuliza mtu. Siku kumi baadaye hematokriti ilikuwa 24.

Jambo ambalo bado linanichoma ni kwamba habari ilikuwepo nyumbani kwangu. Binti yangu, aliyekuwa darasa la saba, alikuwa amejitolea kuhesabu pumzi za Chui kila usiku akiwa amelala, dakika nzima kwa saa ya ukutani, na kuziandika kwenye daftari. Mbwa aliyetulia hapaswi kuzidi pumzi 30 kwa dakika. Katika zile siku kumi daftari lilisema 22, 24, 24, 27, 31, 31, 34, na kuendelea juu, nami sikulifungua kwa sababu nilikuwa nikitazama fizi. Fizi huanza kupauka pale damu inapokuwa imekwisha kushuka sana, na mbwa aliyezoea upungufu huweza kutembea na kutikisa mkia huku akimalizika.

Daktari hakunilaumu. Alinirudisha kwenye vidonge saba na nusu, akanieleza jambo la pili ambalo sikulielewa mwanzo: tezi ndogo zilizo juu ya figo hutengeneza kotisoli, homoni ya mwili wenyewe inayofanana na prednisoloni, na mbwa anapopewa prednisoloni kwa wiki nyingi tezi hizo hulala. Dawa ikikatwa ghafla zinakuwa hazijaamka, na mbwa huweza kutapika, kulegea na hata kufa kwa kukosa kotisoli, hata kama damu yake ni nzima. Kwa hiyo kushuka polepole kuna kazi mbili, kuipima kinga kama bado ina hasira na kuziamsha tezi.

Kuanzia hapo daftari ndilo lililoamua. Tarehe 20 Machi, hematokriti ikiwa 36, tulishuka hadi vidonge vitano na nusu, na siku chache baadaye Ramadhani ikaingia. Niliuhamishia mlo wake wa dawa wakati wa daku, saa kumi usiku, akala mimi nikiwa nimeshamaliza, na kwa kweli haukuwahi kuwa na nidhamu kama mwezi ule. Kisha vinne Aprili, vitatu Mei, viwili mwishoni mwa Mei, kimoja na nusu Juni, kimoja Julai, nusu mwishoni mwa Julai. Kila hatua ilichukua wiki tatu, na kila hatua ilitanguliwa na kipimo. Pale kipimo kilipochelewa kwa sababu mashine ya maabara iliharibika, tulibaki tulipo kwa siku tisa zaidi. Maabara hiyo hiyo iliangalia pia ini na chembe nyeupe, kwani azathioprini huweza kuviumiza vyote viwili.

Katika miezi hiyo kinga yake ilikuwa imelegezwa kwa makusudi, kwa hiyo kila kidonda kidogo kilioshwa na kutazamwa, na chanjo ziliahirishwa kwa ushauri wa daktari. Kupe niliwapiga vita kwa ukali. Kupe wa mbwa hutagia kwenye nyufa, basi niliziba nyufa zote za banda kwa saruji, nikapaka chokaa, nikafyeka majani mita tano kuzunguka, na Chui akawa anapewa dawa ya kupe kwa tarehe iliyoandikwa ukutani.

Agosti alikula nusu kidonge kwa kuruka siku moja moja, na tarehe 4 Septemba prednisoloni ikaisha. Zile wiki mbili za mwanzo sikulala vizuri. Niliamka usiku kuhesabu pumzi mimi mwenyewe, ingawa binti yangu alikuwa ameshazihesabu. Zilikuwa 19, 20, 18. Azathioprini, ambayo kwa muda mrefu alikuwa akiipata kwa kuruka siku moja moja, iliendelea hadi mwisho wa Oktoba, kisha nayo ikasimamishwa.

Kipimo cha Novemba 2023 kilikuwa 43. Misuli ya mapaja imerudi, manyoya yaliyonyolewa shingoni yameota kwa rangi iliyokoza kidogo, na kima wameihama migomba ya upande wa kisima. Tunampima kila miezi mitatu, na usiku, kabla ya kuzima taa ya barazani, bado kuna mtu mmoja wa nyumba hii anayechukua daftari na kwenda kusimama karibu na banda kwa dakika moja.