Takwa, maji yakijaa

Jana alasiri nilivuka kwenda Takwa, magofu ya mji wa kale kule kisiwa cha Manda, Lamu. Hufiki saa yoyote unayotaka. Unasubiri maji yajae ndipo mashua ipenye mkondo wa mikoko. Mzee nahodha alizima mashine mapema, akashika upondo. Sikumuuliza kwa nini.

Mji ule ulihamwa zamani, watu wake wakavuka kwenda Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Hadi leo watu wa Shela hurudi kuomba mvua kwenye kaburi la mnara, lililoandikwa mwaka wa Hijria ulio sawa na 1683. Msikiti umebaki kuta tu, hauna paa wala mkeka. Hata hivyo mzee alivua kandambili mlangoni. Visigino vyake vimepasuka kwa chumvi. Akaweka kiganja kwenye jiwe la matumbawe, akatulia hivyo kitambo kirefu.

Mimi tangu mama afariki swala zangu zimekuwa za kukatika katika, na mawaidha ninayopewa (kwa nia njema, najua) hayanishuki moyoni. Lakini pale nilivua viatu pia. Mchanga ulikuwa na joto bado. Upepo ulipita kwenye mibuyu, nikalia. Sikuomba chochote. Sina jina la hali ile ila adabu: kusimama mbele ya kitu kikubwa kunishinda na kunyamaza. Mama angenielewa.

"Twende mwanangu, maji yanatoka," mzee akasema taratibu.

Viatu nilivibeba mkononi, nikaenda peku mpaka mashuani.