Neno analijua, ila mdomo haumtii

Mtoto mwenye apraksia ya usemi anajua anachotaka kusema. Ubongo ndio unaoshindwa kuupangia ulimi na midomo hatua za kutamka. Ndiyo maana "maji" leo ni "madi", kesho "baji". Jamani, huo si uvivu.

Disathria, tatizo jingine la usemi linalowapata watoto wengi wenye mtindio wa ubongo, ni ya misuli ya kusemea: imelegea au imekakamaa, pumzi inaisha, sauti inafifia katikati ya sentensi. Huyu mkalishe wima kwanza, nyayo zikanyage sakafu au kibao, kisha aseme maneno mawili matatu kwa pumzi moja.

Kwa apraksia, anza na silabi inayojirudia: mama, baba, kuku. Kisha geuza irabu tu: pipa, tatu. Halafu konsonanti: paka, moto. Neno refu kama "ananipatia" lisubiri kabisa. Dakika tano mara kadhaa kwa siku zinafaa kuliko saa nzima ya kumchosha.

Ubao wa picha, ambao mtoto huonyesha kwa kidole anachotaka kusema, haumzuii kuongea, wazazi msiuogope. Picha sita zinatosha kuanzia: maji, chakula, choo, naumwa, nataka, sitaki. Hiyo "sitaki" husahaulika sana, na bila hiyo mtoto hubaki na kulia tu. Ukiuliza, hesabu kimyakimya hadi kumi kabla ya kurudia swali.