Fidla, kiangazi na uzi wa gitaa: kumbukumbu ya mradi wangu

12 Julai

Mwaka jana nilijenga banda la kuku bila kuandika chochote. Nilipotaka kujenga la pili nilikuwa nimeshasahau hata vipimo. Huu mradi wa nyuzi za fidla nauandika tangu siku ya kwanza.

Fidla yangu (violin) ni ya saizi ya mtu mzima. Niliinunua kwa jirani mmoja aliyekuwa anahama Ilazo, hapa Dodoma, akanipunguzia bei kwa sababu kasha limebaki na bawaba moja. Ndani haina karatasi ya jina wala mwaka. Ubao wa vidole ni mti mwepesi uliopakwa rangi nyeusi; ukicheza saa moja, vidole vinatoka kama umemenya muhogo wa kuchoma. Lakini kifua chake, yaani ubao wa mbele, ni chembamba na chepesi, ukikigonga kinaitika.

Nyuzi nne zilizokuja nayo (kuanzia nene hadi nyembamba: G, D, A na E) ni za chuma na zina kutu pale vidole vinapokaa. Alhamisi baada ya mazoezi mwalimu wetu wa kwaya, ambaye kwa kawaida ni mpole, alinivuta pembeni akaniambia, "Kaka, hiyo A yako inatoboa masikio. Sauti ya kwanza wanakimbizana nayo." Basi lengo ni hili: kabla ya Krismasi nipate nyuzi zenye sauti laini, zinazokaa kwenye tyuni ibada nzima, na zisiniache bila ada ya mtoto.

20 Julai

Dodoma mjini nimezunguka maduka ya vyombo vya muziki. Vinanda vipo, maikrofoni zipo, na spika za kuhamisha mtaa zipo. Ukiuliza nyuzi za fidla unaulizwa, "Za gitaa hizi hazifai?" Nikacheka kwa dharau. Kicheko hicho mtakikuta tena huko mbele.

Jumamosi nilikuwa na msiba Dar, nikapanda treni ya SGR, na kabla ya kurudi nikapita Kariakoo. Nikapata seti ya chuma isiyo na jina la maana, elfu thelathini. Muuzaji alinihakikishia ni nzito na ina sauti kubwa. Wakati ule "nzito" niliisikia kama sifa.

27 Julai

Nyuzi mpya zina sauti kubwa, ni kweli, lakini ni kubwa kwa namna ya mtu anayepiga kelele huku amebanwa shingo. G imekuwa ngumu, upinde unateleza juu yake kabla haijaamka. A ndiyo ileile ya kutoboa masikio, sasa imeongezewa nguvu.

Halafu jana usiku, naikaza E nikiwa sebuleni, tah! Ikakatika pale kwenye daraja (kibao kinachobeba nyuzi juu ya kifua) na kunichapa mkononi. Ilikuwa saa nne usiku Jumamosi, na asubuhi kuna ibada na wimbo wenye kipande changu peke yangu.

Mdogo wangu ana gitaa. Nilikaa nikiliangalia kama dakika kumi hivi, nikikumbuka kicheko cha dukani. Nikachukua uzi wake wa akiba namba moja, ule mwembamba kuliko wote. Kale kaduara ka shaba kwenye ncha kalikuwa kanene, hakakai kwenye fidla yangu, nikakavunja kwa koleo, kikabaki kitanzi. Kitanzi kikaingia kwenye ndoano ya skrubu ndogo kama kilizaliwa pale. Nikakaza polepole nimegeuza uso pembeni, nikisubiri kuchapwa tena.

Ikafika E. Ikakaa. Asubuhi nikapiga nayo, na hakuna aliyeuliza kitu. Mwalimu alisema, "Leo imetulia kidogo."

3 Agosti

Hii ya uzi wa gitaa ilininyima usingizi. Iweje uzi wa chombo kingine kabisa ukubali, tena ukubali kwa utulivu kuliko ule wa dukani?

Nilimwendea fundi anayechonga injini, nikaomba maikromita. Alinitazama nikitoa kipande cha waya mwembamba kama unywele, akasema, "Mkuu, hii unapima au unatibu?" Lakini alinipimia. Uzi wa gitaa: milimita 0.25. Kipande cha E ya Kariakoo iliyokatika: milimita 0.28. Tofauti ni sehemu tatu za mia za milimita.

Nyumbani nikachukua kalamu. Sauti ya uzi inaamuliwa na vitu vitatu: urefu wake, uzito wake kwa kila mita, na unavyovutwa. Kwenye fidla, kutoka kizingiti cha juu (pale nyuzi zinapoanzia shingoni) hadi darajani, ni kama milimita 325. Kwenye gitaa ni karibu 650, yaani mara mbili. E ya juu ya gitaa inatetema kama mara 330 kwa sekunde, na E ya fidla mara 659, nayo ni mara mbili. Ukikata urefu nusu na ukapandisha sauti mara mbili, mvuto unabaki uleule! Ule uzi haukujua kwamba umehamishwa chombo. Kwenye gitaa unavutwa kwa kilo saba na ushee, na kwenye fidla yangu vilevile. E nyingi za fidla zina unene wa milimita 0.26 au jirani na hapo, ambayo ni kama kilo 7.8. Sasa ile ya 0.28, ili ifike noti ileile, inadai kilo 9. Uzito wa uzi unakua kwa mraba wa unene wake, ndiyo maana kitu kidogo hivyo kinaleta kilo nzima na zaidi.

Kumbe sikuwa nimenunua sauti. Nilinunua kilo.

Hesabu hiyohiyo ikanieleza kwa nini nyuzi nene zinazungushiwa waya. G inatetema mara 196 tu. Kuivuta kwa nguvu sawa na E kungehitaji uzito mara 11 kwa urefu uleule, yaani chuma kitupu cha karibu milimita 0.9, unene wa klipu ya karatasi ofisini kwetu. Jaribu kupiga klipu kwa upinde. Kwa hiyo watengenezaji wanachukua kiini chembamba kinachokunjika, halafu wanakizungushia waya wa aluminiamu au wa fedha ili kiwe kizito bila kuwa kigumu.

Kiini ndicho kinachogawa nyuzi za fidla kwenye makundi matatu. Wa zamani kabisa ni utumbo wa kondoo (Waingereza wanauita wa paka, lakini paka hawahusiki). Sauti yake inasifiwa mno, lakini unakunywa unyevu wa hewa na kubadilika kila mara. Chuma hakijali hewa, hakivutiki sana, kinaitika haraka, na sauti yake ni kali. Katikati kuna kiini cha plastiki ya jamii ya nailoni. Kampuni ya Thomastik-Infeld ya Vienna ilitoa nyuzi za Dominant mwaka 1970 zikiwa na kiini hicho, na tangu hapo wapigaji wengi waliachana na utumbo. E peke yake imebaki chuma karibu kwenye seti zote.

Jumamosi nikiwa mnadani Msalato nilimwona kijana anaosha utumbo wa mbuzi, nikaanza kuwaza mambo. Mke wangu aliniangalia usoni akasema, "Hapana." Hata sikuwa nimefungua mdomo.

17 Agosti

Fupi leo. Upepo wa Agosti umeanza, vumbi jekundu mpaka ndani ya sukari. Mbao inakauka, vigingi vya kukazia nyuzi vinasinyaa, usiku vinaachia vyenyewe: trrrr, asubuhi unakuta nyuzi mbili zimelegea. Nimepaka chaki kidogo kwenye kigingi ili kishike, na sabuni ya mche iliyokauka ili kizunguke bila kukwama. Ukizidisha sabuni kinateleza, ukizidisha chaki kinalia. Ndani ya kasha nimeweka kisanduku cha sabuni nilichokitoboa, kina sponji yenye maji kidogo. Hiyo peke yake imesaidia kuliko nilivyotarajia.

Utumbo wa kondoo nimeufuta kwenye orodha. Hapa kwetu tuna miezi karibu saba bila mvua, halafu Desemba inakuja yote kwa mkupuo. Uzi unaobadilika na hewa Dodoma ni kutafuta ugomvi.

31 Agosti

Nimetoka Chamwino kwa babu mmoja anayetengeneza mazeze. Nilipelekwa na mpiga ngoma wa kwaya, ambaye ni mjukuu wake. Kwa msiowahi kuliona zeze kwa karibu: ni kibuyu au boksi dogo la mti, ngozi, shingo ndefu na upinde, na si lazima liwe la uzi mmoja. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Bagamoyo na kufariki 2003, alikuwa na la nyuzi zaidi ya kumi.

"Mbukwenyi babu." Akaitikia, akasogeza kigoda, akaendelea na kazi. Alikuwa na kipande cha waya wa breki ya baiskeli, anaufumua uzi mmoja mmoja kama mtu anayefumua nywele zilizosukwa. Kila uzi aliung'ata ncha moja kwa meno ya pembeni, akauvuta kwa mkono wa kushoto, akaupiga kwa kidole gumba. Mwingine aliuweka pajani, mwingine aliutupa. Nyuzi zote zimetoka kwenye waya mmoja, mimi sikuona tofauti yoyote.

"Babu, huo umekosa nini?"

"Umekunjika hapa." Akanishikisha. Kweli, kulikuwa na kikunjo kidogo ambacho jicho halikioni. "Huu utakatika hapohapo. Hata ukiufunga wapi, utakatika hapohapo."

Akaniomba fidla. Hakuipiga. Aliigeuza, akagonga mgongo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akabonyeza nyuzi zote nne kwa kiganja. Akacheka.

"Mjukuu wangu, hii nyumba ni nyepesi. Wewe umeifunga kamba za kufungia ng'ombe."

Akanionyesha zeze lake la mwaka jana ambalo mteja alilazimisha liwekwe waya mnene. Ngozi ilikuwa imebonyea chini ya daraja kama kitanda cha kamba alicholalia mtu mzito. Alilipiga: sauti fupi, haifiki mlangoni. Akachukua jingine, la ngozi ileile, lenye uzi wa breki, na sauti ikatoka mpaka mbuzi waligeuka.

Mimi na maikromita yangu tulikuwa tumefika mahali hapohapo, ila kwa mzunguko mrefu zaidi.

14 Septemba

Shemeji yangu alikuwa Nairobi kikazi, amerudi na seti ya Dominant, mvuto wa kati. Bei sitaiandika hapa kwa sababu mke wangu naye anasoma kumbukumbu hizi. Jumla ya mvuto wa seti ya namna hii ni kama kilo 22: E karibu 8, A kwenye 5 na nusu, D na G kwenye 4 na ushee kila mmoja. Nyuzi za chuma za unene niliokuwa nao huvuta zaidi ya hapo, na kifua changu chembamba kilikuwa kinabeba yote hayo.

Nilibadilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja daraja linaanguka, na kile kijiti cha ndani kinachosimama kati ya kifua na mgongo kinaweza kuanguka pia. Kukirudisha kupitia tundu la pembeni ni kazi ya fundi mwenye vifaa vyake. Nilianza na G. Kabla ya kuuweka nilisugua penseli kwenye mfereji wa daraja na wa kizingiti, ili uzi uteleze usikwanguke. Na hapo nikaona kwa nini E ilikatika Julai: mfereji wake darajani ulikuwa na ukingo mkali kama wa kopo lililofunguliwa. Nimeulainisha kwa msasa laini. Kila baada ya uzi mmoja nilikuwa naangalia daraja kwa pembeni, maana kukaza kunalivuta liinamie mbele.

Siku tatu za kwanza ziliniudhi. Kiini cha plastiki kinanyooka. Unatyuni, unakunywa chai, unarudi kimeshuka nusu noti. Nilianza kujutia hela. Siku ya nne zikashuka kidogo, ya tano kidogo zaidi, na baada ya wiki zikatulia.

5 Oktoba

Ibada ya leo ilikuwa ya saa mbili na nusu na feni zote zinazunguka. Nilitazama programu ya kutyuni kwenye simu mara mbili tu. G inaamka upinde ukigusa tu, na ina kitu kama kifua cha mtu ndani yake. A imepoa. Mwalimu hakusema lolote kuhusu fidla, akawageukia waimbaji, na wote tunajua maana yake.

Malalamiko yangu ni moja. E ya chuma kitupu inapiga mluzi nikivuka kutoka A haraka. Zipo E zilizozungushiwa aluminiamu ambazo mluzi wake ni mdogo. Hiyo itasubiri mshahara wa Novemba. Uzi wa gitaa umekunjwa ndani ya bahasha kwenye kasha, na sithubutu kuondoka nyumbani bila huo.

Mchana nilimpelekea babu nyuzi za Kariakoo. Akachukua D, akaingiza ukucha kwenye ncha, akaanza kufumua ule waya bapa wa nje. Ukatoka umejikunja kama maganda ya penseli, akamrushia mjukuu mdogo achezee. Ndani kikabaki kiini, uzi mmoja mwembamba wa chuma. Akaung'ata, akauvuta, akaupiga kwa kidole gumba, akauweka pajani.

"Na huo uliouweka sasa," akaniuliza akionyesha E mpya kwa kidevu, "lini?"

"Ukikatika, babu."

"Basi usiukunje."