Albamu Iliyopotea Raundi ya Nne

Kwenye tamasha la michezo ya mezani, kazi isiyogombewa na wajitoleaji ni ya maktaba. Wengi wanataka kufundisha michezo mipya, au kusimama kwenye mabanda ya wachapishaji ambako mwenye bahati huondoka na sanduku la bure. Maktabani unakaa nyuma ya meza ndefu. Mtu anakuja, anaacha beji yake, anachukua mchezo. Akiurudisha unaukagua, unampa beji, anakwenda zake. Kufikia jioni mgongo unauma na mikono inanuka kadibodi.

Mimi niliipenda kazi hiyo, kwa sababu inakuonyesha watu wanavyokuwa pale ambapo hakuna wa kuwabana. Tungewabanaje? Chukua Catan, mchezo uliotoka Ujerumani mwaka 1995. Kila mchezaji ana barabara 15, ambazo ni vijiti vidogo, vijiji 5 na miji 4, na hapo hujagusa kadi wala vipande vya ardhi. Foleni ikifika mlangoni, nani atahesabu vijiti? Tulikuwa na mizani ndogo ya kielektroniki na kila sanduku limeandikwa uzito wake ubavuni. Likirudi na uzito uleule, limepita. Kijiti kimoja cha mbao mizani ile haikukiona kabisa.

Na bado vijiti vilirudi. Asubuhi moja alikuja baba na mwanawe, mtoto kafumba ngumi. Akaifungua: barabara nyekundu. Walikuwa wameikuta usiku ndani ya kofia ya sweta yake. Walipanga foleni upya, wakangoja zamu yao, kwa ajili ya kijiti ambacho tusingejua kama kimepotea. Kwenye ukumbi wetu watu waliacha michezo imetandazwa mezani wakaenda kula, wakarudi wakakuta hakuna aliyegusa hata dadu.

Ukumbi wa pili, wa mashindano ya kadi, ulikuwa na hewa nyingine. Kabla ya kila raundi jaji mkuu alishika kipaza sauti: "Pitisheni mguu kwenye mkanda wa begi." Wageni walicheka. Wazoefu walikuwa wameshapitisha.

Kuna waliosema eti watu wa kadi wana tabia mbaya kuliko watu wa mbao. Sikukubali, maana nusu yao walikuwa walewale. Asubuhi anacheza kadi, jioni anakuja kuazima Catan. Kilichotofautiana ni kitu chenyewe. Sanduku la mchezo ni kubwa, huwezi kulificha chini ya fulana, na ukiliuza unapata kidogo. Kadi inaingia mfukoni. Magic: The Gathering, mchezo wa kadi za kukusanya na kubadilishana, ilianza 1993, na mwaka 1996 kampuni inayoichapisha ikatangaza orodha ya kadi za zamani ambazo haitazichapa tena. Tangu hapo nyingi ya kadi hizo zimepanda bei sana. Nyingi hazina namba wala jina la mwenyewe, na mnunuzi yuko palepale ukumbini, ana fedha taslimu na kazi yake ni kununua kadi. Mahali pengine mwizi hutafuta soko. Hapa soko limewekewa meza na kitambaa.

Dawati la vitu vilivyopotea lilikuwa ubavuni mwa maktaba, kwa hiyo nalo lilikuwa langu. Siku nzima nilipokea miwani, chaja, funguo na dadu zisizohesabika. Alasiri ya Jumamosi akaja kijana wa miaka kama kumi na saba, uso umemshuka.

"Dada, kuna mtu ameleta albamu nyeusi? Ya kadi. Ina zipu."

Hakuna aliyeleta. Aliuliza tena, kana kwamba sikusikia. Alikuwa ameiweka chini ya kiti raundi ya nne ikianza, akainama kwenye mchezo wake, na raundi ilipokwisha kiti kilikuwepo, albamu haipo. Sehemu kubwa ya kadi zilikuwa zake, za kawaida. Lakini ukurasa wa mwisho ulikuwa na kadi za kaka yake mkubwa, alizompa alipoacha kucheza, na kati yake Underground Sea mbili za toleo la 1994, lile lenye ukingo mweupe. Anayejua kadi atanielewa. Asiyejua atosheke na hili: kadi mbili zile zilikuwa na thamani kuliko albamu nzima iliyobaki.

Jambo moja lilimsaidia. Alikuwa amepiga picha kila ukurasa kwa simu, ili marafiki wajue ana nini cha kubadilishana. Moja ya zile Underground Sea ilikuwa na nukta ya wino wa bluu kwenye ukingo wa chini. Kaka yake aliichafua akiwa mtoto. Kwa mnunuzi nukta ile ilikuwa kasoro ya kushusha bei. Kwetu ilikuwa kitambulisho.

Nilikwenda naye kwa jaji. Tukiwa bado tunaeleza, meza za jirani zilikuwa zimeshapata mwizi wao. Mpinzani wake wa raundi ya tatu, jamaa mmoja mkimya, alikuwa ameipekua albamu ile baada ya mchezo na kuulizia bei ya ukurasa wa mwisho, tena mara mbili. Hilo lilitosha. Hakuna aliyemtaja kwa sauti. Waliangalia tu upande wake, wakanong'ona, wakaangalia tena.

Jamaa akaja mwenyewe. Alisimama mbele ya dawati langu, akafungua zipu ya begi na kutoa kitu kimoja kimoja: deki mbili za kadi za kuchezea, mkeka wa kuchezea, chupa ya maji, fulana, daftari la alama, kifuko cha dadu. Akaligeuza begi ndani nje. Kisha akatoa mifuko ya suruali.

Jaji akamwambia, "Kaka, hatuna mamlaka ya kumpekua mtu."

"Najua. Ndiyo maana nimejipekua mwenyewe." Akanigeukia. "Naomba uandike kwamba begi limeonekana."

Niliandika. Sikuwa na fomu ya jambo kama hilo, nikaandika nyuma ya karatasi ya michezo iliyoazimwa, yeye akatia saini na mimi nikatia. Wakati anarudisha vitu begini, raundi ya tano ilikuwa imeshaanza. Kanuni za mashindano hazina simile: asiyekuwepo kitini raundi ikianza amepoteza mchezo wa kwanza. Alipoteza, na jaji yule aliyeshuhudia yote ndiye aliyelazimika kuiandika adhabu. Wizi wa albamu uliniudhi. Lakini kumwona mtu mzima akitoa mifuko nje mbele ya watu ambao hawakuwa na ujasiri hata wa kumshtaki kuliniudhi zaidi.

Picha za albamu tulizisambaza kwa wanunuzi wote wa kadi ukumbini. Baadhi walizitazama kwa nusu jicho. Mmoja, mama mwenye lenzi ya sonara aliyekuwa na meza ya kona, aliomba tumtumie kwenye simu yake, akazikuza moja baada ya nyingine, akauliza maswali. Jioni ikiingia, msaidizi wake alikuja dawatini akaniinamia sikioni: "Mama anakuita. Usikimbie, tembea."

Nilitembea, kijana na jaji wananifuata kwa mbali. Mezani kwa mama alikuwa amekaa bwana wa makamo, mtu wa matamasha kabisa, beji za miaka iliyopita zimening'inia kwenye begi lake. Mbele yake kulikuwa na kadi tatu. Mama alikuwa akipekua vitabu vyake polepole kama anayetafuta bei, na nadhani bei aliijua tangu alipoziona. Aliisogeza moja kuelekea kwangu kwa ncha ya kidole. Nukta ya bluu ilikuwa palepale.

Bwana hakukimbia. Alisema amezinunua koridoni, karibu na vyoo, kwa mtu aliyevaa sweta lenye kofia, na akataja alichotoa. Haikufika hata theluthi ya bei yake.

"Hukumuuliza amezipata wapi?" jaji aliuliza.

"Mnanihoji kama polisi. Watu hawauziani kadi koridoni kila siku?"

Ni kweli, huuziana. Mama akafunga kitabu chake. "Mzee mwenzangu, wewe bei ya kadi hii unaijua kuliko mimi. Aliyekutajia bei ile alikuwa ameshakujibu kabla hujauliza."

Bwana alinyamaza muda mrefu. Baadaye akaanza kujitetea kwa hoja ambayo, lazima niseme, haikuwa ya kipuuzi: na yeye ameibiwa. Fedha alizotoa ni zake, za halali, na aliyezichukua hayupo. Jaji akamweleza kwamba kwa sheria za nchi nyingi kununua mali ya wizi hakukufanyi mwenye mali, hata kama hukujua. Akamweleza pia uwezo wa tamasha unaishia wapi: mwandaaji anaweza kumnyang'anya mtu beji na kumtoa nje. Zaidi ya hapo ni polisi, na uamuzi wa kwenda huko ni wa aliyeibiwa.

Kijana, ambaye muda wote hakusema neno, akatoa pochi. Alitaka kumrudishia bwana yule nusu ya fedha zake. Mama akamwekea mkono juu ya pochi. "Rudisha mfukoni, mwanangu. Hii si hasara yako."

Bwana akazisukuma kadi zote tatu upande wa kijana. Aliomba jambo moja tu, jina lake lisitangazwe. Halikutangazwa, na mimi hapa siliandiki. Nimemfikiria sana mtu yule, kuliko ninavyomfikiria mwenye kofia. Mwenye kofia alikuwa mwizi, kazi yake inaeleweka. Bwana huyu ndiye yuleyule ambaye angepanga foleni kurudisha kijiti chekundu. Nina hakika hiyo, maana nilimwazima michezo tamasha zima na kila sanduku lilirudi limepangwa vizuri kuliko lilivyotoka. Mbele ya kadi nafuu aliona ni heri asiulize.

Mwenye kofia hakupatikana. Watu walijiuliza amewezaje kuchukua albamu katikati ya mamia ya wachezaji na majaji wanaozunguka. Sidhani alihitaji ujanja. Mtu aliyeinamia mchezo mgumu haoni miguu inayopita nyuma yake, na mwenye beji shingoni anayetembea kama anayejua aendako hasimamishwi na mtu. Miaka baadaye, Agosti 2023, nilisoma habari za Gen Con, tamasha kongwe la Marekani lililoanza 1968 na sasa hufanyika Indianapolis. Wauzaji walipokuwa wanapanga mabanda, shehena nzima ya kadi, yenye thamani ya takriban dola 300,000 kwa maelezo ya polisi, ilikokotwa kwa toroli ya mizigo mbele ya macho ya watu. Wenzangu walistaajabu. Mimi nilikumbuka kiti cha raundi ya nne. Siku ya kupanga mabanda kila mtu anakokota kitu. Ungemsimamisha yupi?

Jumapili kijana alimtafuta mpinzani wake wa raundi ya tatu. Alimkuta karibu na maktaba, kwa hiyo niliyasikia mazungumzo yao bila kutaka. Kijana alimwomba radhi. Yule jamaa akamwambia, "Wewe hukunikosea. Hukusema kitu." Kijana akasema hilo ndilo analoombea radhi. Walipeana mikono. Wale wa meza za jirani hawakuja, wala sikutarajia waje. Kunong'ona hakuachi jina la wa kuomba radhi.

Albamu yenyewe haikurudi, mbali na zile kadi tatu. Mwaka uliofuata mwandaaji aliweka utaratibu mpya: mnunuzi wa kadi aandike namba ya beji ya kila anayemuuzia. Baadhi ya wanunuzi walilalamika kwamba utawafukuzia wateja. Mama wa kona hakulalamika. Alikuwa na daftari lake la namba za beji tangu zamani, na alinionyesha kurasa zake akicheka. Kijana alikuja pia, begi kalifunga mguuni kwa mafundo mawili. Nilimuuliza kama amemwona yule mpinzani wake, maana nilikuwa nimemtafuta kwenye orodha ya wachezaji nisimkute. Akaniambia wanaandikiana. Jamaa bado anacheza, tena vizuri kuliko mwaka jana, lakini anachezea nyumbani na marafiki wanne. Alimwalika na yeye aende.