Je, kufungua majina yaliyohifadhiwa kutaiinua .tz? Mtazamo kutoka Mtwara

Kila unapoibuka mjadala kuhusu kikoa cha nchi (mwisho wa anwani za mtandaoni za nchi, kama .tz) kilichodorora, pendekezo moja halikosi kutolewa: rajisi, yaani chombo kinachotunza daftari la majina yote ya kikoa hicho, iyafungue majina iliyoyahifadhi kwa miaka mingi na kuyaweka sokoni. Inaaminika kwamba majina mafupi na ya kuvutia yakipatikana, wafanyabiashara wakubwa watakuja, magazeti yataandika, na wananchi wengine watafuata. Nimelisikia pendekezo hili likitolewa pia kuhusu .tz, kikoa chetu kilichoingizwa katika mfumo wa majina wa dunia mwaka 1995. Kwa kuwa kazi yangu hapa Mtwara ni kuwatengenezea watu tovuti na kuwasajilia majina, ninalichukulia kwa uzito. Ninaamini kwamba hatua hiyo peke yake haiwezi kukifufua kikoa, kwa sababu kikoa kilichodorora kina majina mazuri tele yasiyo na mwenyewe. Kinachopungua ni watumiaji, na majina yaliyohifadhiwa yatasaidia pale tu yatakapotolewa kwa namna inayowaleta watumiaji hao.

Majina hayahifadhiwi kwa sababu moja. Yapo yanayozuiwa kwa sababu za kiufundi au kwa kuwa rajisi yenyewe inayatumia. Yapo ya serikali, ya mikoa na miji, na ya matusi. Kuna ya herufi moja au mbili, ambayo zamani wataalamu waliyaogopa kwa kuwa mengine yanafanana na vikoa vya nchi na yangeweza kuichanganya mifumo ya kompyuta. Mwisho kuna yale yaliyowekwa pembeni kwa sababu ya thamani yake ya kibiashara: maneno ya kawaida ya bidhaa, mazao, huduma na mahali. Mjadala wote huwa juu ya kundi hili la mwisho pamoja na yale mafupi.

Ujerumani ilipitia jambo hili mwaka 2009. Rajisi ya .de, DENIC, ilikuwa haisajili majina ya herufi mbili, majina ya tarakimu tupu, wala yale yanayolingana na alama za wilaya katika namba za magari. Kampuni ya Volkswagen ilikwenda mahakamani kudai vw.de, ikashinda, na mwezi Oktoba mwaka huo DENIC ikayafungua majina hayo kwa wote. Yaligombewa na kuisha kwa muda mfupi. Hata hivyo, wakati huo .de ilikuwa tayari na majina yanayokaribia milioni 13, na maelfu machache yaliyoongezeka hayakubadili chochote katika maisha ya kikoa hicho. Majina yale yaligombewa kwa sababu .de ilikwisha kuwa na nguvu. Anayeutumia mfano huu kuonyesha kwamba kufungua majina huleta uhai ameanza na matokeo akayaita chanzo.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Colombia, na huo unastahili kuangaliwa kwa utulivu. Kikoa cha .co kilikuwa kimefungwa kwa masharti, nacho kilikuwa na watumiaji wachache hadi mwaka 2010, kilipofunguliwa kwa dunia nzima chini ya mwendeshaji mpya. Jina e.co liliuzwa katika mnada kwa dola 81,000, fedha zikaenda kwa shughuli za hisani, na Overstock, duka la mtandaoni la Marekani, ikanunua o.co kwa dola 350,000. Jina t.co lilikwenda kwa Twitter, ambayo ililiweka katika kila kiungo kilichotumwa na watumiaji wake. Mwaka uliofuata majina ya .co yalikuwa yamevuka milioni moja. Ni kweli kwamba majina ya herufi moja yalikuwa sehemu ya mafanikio hayo. Lakini tazama ni lipi kati yake lililofanya kazi kubwa zaidi. Ile e.co ilileta habari ya siku moja magazetini, ilhali t.co, iliyokabidhiwa kwa mtumiaji mwenye mamilioni ya wasomaji, iliwazoesha watu kuliona .co kila siku hadi likaacha kuonekana geni. Tena .co inafanana na .com, GoDaddy, kampuni kubwa ya kuuza majina ya vikoa, iliiweka mbele ya wateja wake wote, na ikatangazwa hata katika matangazo ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, mwaka 2011. Ukiondoa hayo yote ukabaki na mnada peke yake, sidhani kama ungeona milioni moja.

Mnada peke yake tumekwisha kuuona katika .mobi. Hicho si kikoa cha nchi, bali kilikusudiwa kwa tovuti za simu, lakini somo lake ni lilelile. Majina bora yaliwekwa kando tangu mwanzo kisha yakauzwa kwa mnada, na mwaka 2006 jina flowers.mobi (flowers ni maua) likanunuliwa kwa dola 200,000. Wengi wa walionunua majina ya aina hiyo walikuwa walanguzi waliotarajia kumuuzia mtu mwingine. Mtu huyo hakutokea, kwa kuwa simu za kisasa zilianza kufungua tovuti za kawaida bila shida, na bei zikaporomoka. Walioingia .mobi kutafuta maua hawakuyakuta.

Uingereza nayo ilifungua usajili wa moja kwa moja chini ya .uk mwezi Juni 2014 (yaani jina.uk badala ya jina.co.uk), baada ya miaka mingi ya co.uk. Zaidi ya majina milioni kumi yalihifadhiwa kwa ajili ya wenye co.uk, wakapewa miaka mitano ya kuyachukua. Wengi hawakuyachukua, ingawa yalikuwa yao bila ushindani. Hilo pekee lingetosha kututahadharisha.

Sasa nirudi nyumbani. Chini ya .tz tunayo co.tz, or.tz, ac.tz na go.tz, zinazojulikana, lakini pia zipo me.tz, info.tz, mobi.tz, tv.tz na hotel.tz. Kila tawi la aina hiyo lilipoanzishwa, lilikuja na uwanja mpya ambamo karibu kila neno zuri la Kiswahili lilikuwa wazi, bila mnada na bila kumbembeleza mtu. Iwapo uhaba wa majina mazuri ndio uliokuwa ukiwazuia watu, basi hotel.tz ingekuwa imejaa kwenye mabango ya nyumba za wageni kuanzia Kilwa Masoko hadi Msimbati. Nikipita barabarani ninaona namba za simu, anwani za Gmail na kurasa za Instagram. Nafasi ilifunguliwa, na watu hawakuingia.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Mikindani alinieleza sababu zake waziwazi. Nilikuwa nikimshauri achukue jina la .tz, naye akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mgeni wangu akiona .com anajua pa kwenda. Hiyo ya kwetu hata mimi mwenyewe siisikii ikitajwa. Na nikilipa mwaka huu, mwakani nani atanikumbusha?" Nilimjibu, "Mama, nitakukumbusha mimi," naye akaniuliza kama mimi sitahama. Ninaliona swali lile la mwisho kuwa zito kuliko yote yaliyoandikwa kuhusu minada ya majina, kwa sababu linagusa ugonjwa wenyewe. Huku kwetu mafundi wengi husajili jina la mteja kwa jina lao wenyewe na kwa barua pepe yao wenyewe. Fundi akihama, akibadili kazi au akikosana na mteja, taarifa za kulipia upya zinaishia mahali asipoziona mwenye mali, jina linakufa, na barua pepe za biashara zinakatika siku moja bila onyo. Mfanyabiashara aliyepata mkasa huo mara moja harudi, na huwasimulia wenzake. Hakuna jina la herufi mbili litakalomrudisha.

Sisi wa Kusini tumekwisha kuona thamani inavyoweza kupanda bila matumizi kupanda. Katika miaka ya matumaini ya gesi, wakati bomba la kwenda Dar es Salaam lililokamilika mwaka 2015 lilipokuwa likizungumzwa na kujengwa, viwanja vya Mtwara vilinunuliwa kwa kasi na watu waliokuwa mbali, na bei ikapanda hadi wenyeji wakashindwa. Baadhi ya viwanja hivyo bado ni vichaka. Karatasi zilionyesha mji unaokua, lakini mwenye kuhitaji kujenga duka alilazimika kwenda nje zaidi. Jina la kikoa lililonunuliwa na mlanguzi lina tabia hiyohiyo: linahesabika katika takwimu za rajisi, na wakati huohuo linamzuia yule ambaye angelitumia.

Kwa hiyo sisemi majina yaendelee kufungiwa, kwa sababu jina lililofungiwa nalo halimsaidii mtu. Ninachosema ni kwamba swali la kwanza liwe nani atalitumia, na la pili ndilo liwe bei. Chukua mifano ya huku, nikiyatumia kama aina ya majina tu. Jina la Kilwa lina uzito duniani: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Tendaguru, kule mkoani Lindi, ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin, ambako kiunzi kikubwa kinaendelea kuwavuta watazamaji. Mtu anayetaka kujua habari za mahali hapo angefaidika kuliko maelezo yanavyoweza kusema kama angekuta tovuti ya Kiswahili iliyoandikwa na watu wa Lindi, yenye picha, namna ya kufika na mahali pa kulala. Korosho, ufuta na mbaazi ni maneno ambayo mkulima wa Tandahimba au Nachingwea angeyaandika kwenye simu yake bila kufundishwa. Kama jina kama hilo lingekabidhiwa kwa vyama vikuu vya ushirika, au kwa kituo cha utafiti cha Naliendele, kwa sharti kwamba ndani yake kuwe na bei za minada, orodha za maghala na ushauri wa kupulizia dawa, basi .tz ingeingia katika maongezi ya kila msimu. Huo ndio mchango ambao t.co ilitoa kwa .co. Mlanguzi hawezi kuutoa hata akilipa mara kumi.

Utaratibu huo si wa kubuni. Rajisi nyingine zimewahi kutoa majina bora kwa waombaji walioleta mpango wa matumizi, badala ya kuyatupa yote mnadani, na kwa .tz ningependa masharti yawe makali zaidi: tovuti ya kweli ndani ya mwaka mmoja, kutouza jina kwa miaka kadhaa, na jina kurudi kwa rajisi likiachwa tupu. Orodha ya majina itangazwe hadharani kabla ya kitu chochote kutolewa, na watumishi wa rajisi pamoja na jamaa zao wazuiwe kuomba. Machache yauzwe kwa mnada, sawa, ila fedha zake zitumike kupunguza ada ya mwaka wa kwanza na wa pili kwa wafanyabiashara wadogo na shule, na kujenga namna ya kumkumbusha mwenye jina kwa ujumbe mfupi wa simu na kumruhusu alipe kwa simu hiyohiyo. Namba ya simu iwe ya mwenye jina, isiwe ya fundi. Ninaliona jambo hili la mwisho kuwa na nguvu kuliko majina yote yaliyohifadhiwa yakijumlishwa, na gharama yake ni ndogo.

Pia tusidanganyike na hesabu ya siku ya kwanza. Nchi ya Gabon iliwahi kuwa na mamilioni ya majina chini ya .ga kwa sababu yalitolewa bure kupitia kampuni ya Freenom. Sehemu kubwa ikatumiwa na matapeli, na mwaka 2023 nchi ilipokirudisha kikoa chake mikononi mwake, majina karibu milioni 7 yakafutwa. Kwa upande mwingine, kisiwa cha Anguilla katika Karibi kilipata yapata dola milioni 32 kutokana na .ai katika mwaka huohuo wa 2023, zaidi ya moja ya tano ya mapato ya serikali yake, bila kufungua hazina yoyote ya majina: wimbi la akili unde (AI kwa Kiingereza) lilikikuta kikiwa na herufi mbili zinazofaa. Bahati ya namna hiyo haipangwi. Kipimo tunachoweza kukipanga ni idadi ya majina yanayolipiwa upya katika mwaka wa pili na wa tatu, na hicho ndicho ningetaka rajisi yetu ikitangaze kila mwaka, kwa kila mkoa.

Nina ombi moja dogo kuhusu muda. Iwapo siku moja majina yatafunguliwa, tangazo lisitolewe kati ya Oktoba na Desemba, kwa sababu miezi hiyo viongozi wa ushirika wa huku wako kwenye minada ya korosho kutwa kucha, na walio tayari na fomu watakuwa walanguzi pekee. Litolewe baada ya msimu, lisomwe kwenye redio za mikoani na kubandikwa kwenye ofisi za halmashauri, na muda wa kuomba uwe wa miezi, ili chama cha msingi cha Newala kipate nafasi ya kuitisha mkutano wa wanachama kabla ya kuandika barua.