Nilivyoibana kampuni ya treni Uingereza hadi ikamwandikia mama

Mama anatumia kiti cha magurudumu, na alipokuja Uingereza kunitembelea nilimpeleka kwa treni kwa mdogo wangu, kaskazini. Uingereza abiria mwenye ulemavu huomba msaada mapema, hata zikiwa zimebaki saa 2 kabla ya safari, ili mhudumu amsubiri jukwaani na kidaraja cha kuteremshia kiti. Nikapiga simu siku moja kabla, nikapewa namba ya ombi. London tulipandishwa vizuri. Kwenye stesheni ya kubadilishia hakutokea mtu. Milango ikafungwa, tukapitilizwa mpaka stesheni iliyofuata, na treni tuliyopaswa kuunganisha ikatuacha.

"Achana nao mwanangu, si tumefika salama?" Mama ndivyo alivyo. Nikamwomba tu idhini ya kulalamika kwa niaba yake, maana bila hiyo kampuni ingesema mimi si mhusika.

Ushahidi nilikuwa nimeukusanya palepale: picha za tiketi, saa iliyoonekana kwenye skrini ya matangazo, namba ya behewa, na maelezo ya mhudumu wa stesheni ya pili aliyekiri kwamba hana taarifa yoyote kutuhusu.

Kilichonisaidia zaidi ni kutochanganya madai mawili. La kwanza ni fidia ya kuchelewa, na hilo ni suala la saa tu. Kampuni nyingi hulipa robo ya nauli ya safari moja ukichelewa dakika 15 hadi 29, nusu kwa dakika 30 hadi 59, na nauli nzima ya safari hiyo kuanzia dakika 60. Haijalishi kosa ni la nani, hata kama ni mti ulioangukia reli. Kinachohesabiwa ni muda uliochelewa kufika mwisho wa safari, na una siku 28 za kudai. Sisi tuliangukia kwenye nusu. Nikajaza fomu, pesa zikaingia.

La pili ni huduma yenyewe, na hapo ndipo walipotaka kuniponyoka. Waliandika kwamba nimeshalipwa, kwa hiyo suala limefungwa, wakaambatanisha vocha na pole nyingi. Vocha ya treni za Uingereza, kwa mtu anayerudi Tanga! Nikawajibu kwa ufupi na bila matusi (rasimu ya kwanza ilikuwa nayo): ombi letu lilifikishwa stesheni au halikufikishwa, na kama halikufika, lilikwama kwa nani? Nikataja sheria ya haki za walaji ya 2015, inayotaka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi, na sheria ya usawa ya 2010, inayowalinda watu wenye ulemavu. Nikamalizia kwa kuomba barua ya msimamo wao wa mwisho.

Barua hiyo ukiwa nayo unaweza kwenda kwa Rail Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya abiria aliyeanza kazi 2018. Hatozi abiria hata senti. Akitoa uamuzi na abiria akaukubali, kampuni haina hiari. Abiria akiukataa, bado anaweza kwenda mahakamani. Kwanza hujaribu kupatanisha, na letu liliishia hapo. Suala lililokuwa "limefungwa" likafunguka ghafla: wakarudisha nauli iliyobaki, wakaongeza pesa za usumbufu, na wakamwandikia mama barua kwa jina lake, wakikiri kwamba ujumbe haukupelekwa kutoka stesheni moja hadi nyingine.

Nilipomtafsiria, aliuliza kama kuna kijana aliyefukuzwa kazi kwa ajili yake. Nikamwambia barua haisemi hivyo. Akaridhika.

Kwa wanaoishi huko: faini za tiketi usimpelekee msuluhishi huyu, zina njia yake ya rufaa. Na kama kero yako ni jinsi ratiba ilivyopangwa, watu wa kuwaona ni watetezi wa abiria: London TravelWatch kwa London na vitongoji vyake, au Transport Focus kwingineko.