"Kwa hiyo unasomea kulea watoto?"

Hilo ndilo swali la shangazi kila nikirudi likizo. Mwaka wa pili sasa nasoma maendeleo ya binadamu na sayansi ya familia, na ukoo mzima bado haujui nitaajiriwa wapi. (Siku nyingine hata mimi sijui, tuyaache.)

Jana nikaona nimwonyeshe. Nikachukua vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana, nikavijaza uji sawasawa, nikamwita mpwa wangu wa miaka 5. "Viko sawa?" "Sawa." Nikamimina kimoja kwenye glasi ndefu nyembamba, anaona kabisa. "Na sasa?" Akaikumbatia glasi: "Huu mwingi!" Dada yake wa miaka 9 alicheka mpaka akakaa chini. Jaribio lenyewe ni la Jean Piaget, yule mwanasaikolojia Mswisi: watoto wengi hawaoni kuwa kiasi ni kilekile mpaka wakaribie miaka 7 hivi.

Shangazi akanyamaza, kisha: "Ndiyo maana nikigawa soda lazima wagombane."

Nikamwongezea na ya Mary Ainsworth, mwanasaikolojia wa watoto, aliyekuwa Uganda miaka ya 1954 na 1955 akiwaangalia akina mama wa Kiganda na wachanga wao, kabla ya utafiti wa Baltimore, Marekani, uliompa umaarufu. Hiyo ilimwingia. "Kumbe walikuja kujifunza kwetu!" Akaingia jikoni huku akirudia, "Kwetu, eti."

Uji wa glasi kaumaliza mpwa. Na wa kikombe pia.